Kivuli Ndicho Kinachoita: Jibu kwa Mwenye Mgahawa wa Tanga

SWALI: Fundi, nina mgahawa mdogo wa chai, chapati, supu na juisi huku Ngamiani, Tanga. Mbele upana wake ni mita 4, ukuta hadi kwenye mkanda wa zege wa juu ni mita 3, na mlango unatazama magharibi. Jioni jua linaingia mpaka jikoni, wateja wanahamahama viti. Fundi mmoja ameniambia anitengenezee turubai la mbele na aliprinti lote: jina la mgahawa (lina maneno sita), picha za vyakula, bei, namba tatu za simu, na "Karibuni Wote". Mwingine anasema niachane na turubai, niweke bango kubwa la fleksi, ile plastiki nyembamba ya kuprinti, juu ya paa, ndilo litakaloonekana. Pesa yangu inatosha kitu kimoja. Nichague lipi? Na kweli turubai linaweza kuniletea wateja?

JIBU: Dada yangu wa Tanga, chagua turubai. Ila si hilo ulilochorewa.

Bango la juu ya paa litaonekana, hilo sikatai. Mtu ataliona, atasoma maneno mawili, atapita zake. Turubai linampa sababu ya kusimama. Fikiria saa saba mchana, mama katoka sokoni, mkono mmoja mfuko wa nyanya, mkono wa pili mtoto. Anatembea akifuata upande wenye kivuli, tena bila hata kujijua. Akifika mbele yako anaingia chini ya turubai, anatua mfuko, anabadilisha mkono. Sekunde kumi tu. Ndani ya sekunde hizo pua imeshanusa chapati, na macho yameshaliona jagi la juisi ya ukwaju linalotoka jasho kwa ubaridi. Hakuwa na mpango wa kula. Kivuli ndicho kilichomwita, maandishi yakamwambia tu yuko kwa nani. Na masika yakianza ni hivyo hivyo: mvua ikidondoka ghafla, watu wanakimbilia upenu ulio karibu, na wakishajibanza hapo robo saa, chai inajiuza.

Kuna jambo la macho pia, ambalo wenye biashara wengi hawalijui. Mtu aliye kwenye jua kali akitazama ndani ya mgahawa haoni kitu, anaona giza tu, kwa sababu macho yake yamejibana kwa mwanga wa nje. Mfunike jua hatua mbili kabla ya kizingiti, macho yanafunguka, anaanza kuona meza, sahani, watu walioketi wanakula. Mimi nikimaliza kufunga turubai mahali, huwa navuka barabara nakaa nusu saa naangalia wapita njia. Walio juani hutazama chini. Wakiingia kivulini wanageuza shingo.

Ndiyo maana nasema turubai la biashara lipimwe kwanza kama kivuli. Tatizo la michoro mingi inayotoka kwenye kompyuta ni kwamba imeanzia kwenye picha na maneno, halafu ikatafutiwa fremu. Tuanze na jua lako.

Mlango unaotazama magharibi ndio mgumu kuliko yote kwetu huku. Duka linalotazama kaskazini au kusini halina shida kubwa: Tanga ipo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri liko juu mwaka mzima, na turubai lililotoka nje mita 1 linatosha. Jua la jioni linakuja limelala, linapita chini ya turubai kama mtu anayeinama kuingia mlangoni. Hilo halizuiliki kwa kulirefusha turubai tu. Linazuilika kwa kuliteremshia pindo, kile kipande kinachoning'inia wima kwenye ukingo wa mbele.

Tufanye hesabu kwa ukuta wako. Tulifunge juu kabisa, mita 3 kutoka chini. Litoke nje mita 1.4. Ukingo wa mbele ushuke hadi mita 2.5, halafu uning'inize pindo la sentimita 30, ili chini yake pabaki mita 2.2, mtu mwenye beseni kichwani apite bila kuinama. Saa kumi na nusu jioni jua limebakiza kimo cha nyuzi kama 30 hivi. Mwale unaopita chini ya pindo utagonga usawa wa ukuta wako kwenye mita 1.4. Maana yake aliyeketi mlangoni kabisa bado linampata usoni, aliye mita moja ndani linampata usawa wa meza, aliye mita mbili ndani linamgusa miguu tu. Jiko lako limepona. Bila lile pindo, kila kimo hapo kingepanda sentimita 30, na yule wa mita moja ndani angekuwa analila jua kifuani. Kwa viti vya mlangoni, mwombe fundi aweke pazia la kukunja la wavu wa kivuli kwenye ukingo wa mbele, unaliteremsha saa kumi, unalikunja jua likizama.

Pindo hilo hilo lililokuokoa na jua ndilo pa kuandikia jina. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea.

Turubai lako kwa vipimo hivyo lina mteremko wa nyuzi 20. Ni mteremko mzuri, maji ya mvua yatashuka bila kutuama. Lakini kitu kilichoandikwa kwenye mteremko hakionekani kwa urefu wake. Chukua daftari, andika neno kwa herufi kubwa, lilaze karibu sawa na meza, kisha litazame kwa mbali usawa wa macho: herufi zimebonyea. Kwa nyuzi 20, herufi ya sentimita 30 mtu wa upande wa pili wa barabara anaiona kama ya sentimita 10, na akiwa chini karibu yako anaiona ndogo zaidi, au haioni kabisa. Fundi wa kwanza anataka kukuwekea picha, bei na namba za simu kwenye eneo ambalo watakaolisoma vizuri ni kunguru. Pindo lenyewe limesimama wima, linamtazama mtu usoni. Herufi ya sentimita 20 pale ni sentimita 20 kweli.

Na sentimita 20 zinatosha. Kipimo tunachotumia watu wa mabango ni sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali, ili mtu asome bila kukaza macho. Herufi ya sentimita 20 inasomeka raha mita 24 hivi, na kwa kukazana inasomeka mbali zaidi ya hapo. Mitaa ya Ngamiani si mipana, hiyo inavuka barabara na kubaki. Sasa mfikirie abiria wa bajaji inayokwenda kilomita 40 kwa saa: kila sekunde anasogea mita 11. Mita 24 zako anazimaliza kwa sekunde mbili na kidogo. Kwa sekunde mbili mtu anasoma maneno matatu, mengi sana manne.

Ndipo ninapokuja kwenye jina lako la maneno sita. Kwenye pindo la mita 4, ukiacha nafasi pembeni ili maneno yapumue, zinaingia herufi kama 18 za kimo cha sentimita 20. Jina la maneno sita likilazimishwa pale litafinywa mpaka sentimita 8. Chukua neno moja au mawili ambayo wateja wako wenyewe wanakuita. Najua hawaliiti jina zima. Waulize bodaboda wa kijiwe cha jirani, "Kwangu mnapaitaje?" Watakalojibu ndilo la kuandika, hata kama kwenye leseni kuna jina refu zaidi. Leseni itaning'inia ndani ukutani kwa jina lake kamili, hakuna ugomvi.

Wewe umezaliwa pwani au umeishi pwani, nina hakika una kanga kabatini. Itandike kitandani uiangalie kwa jicho la biashara. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno. Jina ni mstari mmoja. Limekaa chini ya mji, limepewa nafasi yake, halikuchanganywa na maua. Mtu anavaa, anatembea, na wewe uliye nyuma yake unalisoma na ujumbe unakufika, akiwa anakwenda zake. Sijawahi kuona kanga iliyojazwa maneno mji mzima, kwa sababu waliobuni kanga walijua hiki ni kitu cha kusomwa kikiwa kinapita. Turubai ni hivyo hivyo, tofauti yake lenyewe limetulia na msomaji ndiye anayepita. Mteremko uwe mji wako: rangi moja, au mistari mipana ya rangi mbili, basi. Pindo libebe jina.

Tena usisahau mbavu. Michoro yote ya kompyuta inaonyesha duka kutoka mbele, kama vile watu wanashuka kutoka nyumba ya upande wa pili. Wateja wako wanakuja kwa miguu kando ya barabara, wanakuona kwa ubavu. Muda mrefu kabla jina la mbele halijasomeka kwao, ubavu wa turubai umeshawatazama. Zungusha pindo hadi pande zote mbili, na kwenye kila ubavu weka neno moja la chakula: upande wa sokoni CHAPATI, upande wa pili CHAI. Ubavu wa mita 1.4 unalibeba neno CHAPATI kwa herufi za sentimita 20 bila kubanana. Mtu hana haja ya jina lako akiwa mbali. Ana haja ya kujua kuna nini. Ningekuwa na pesa ya kuandika sehemu moja tu, kwa mgahawa wa mtaani ningeandika mbavu na kuiacha mbele tupu.

Yaliyobaki kwenye mchoro wa fundi yatafutiwe mahali pake. Bei ziende kwenye ubao wa chaki mlangoni, maana unga na sukari havikai na bei moja, na turubai huwezi kulifuta. Namba ya simu, moja, iandikwe ukutani usawa wa macho, ambapo mtu amesimama na anaweza kutoa simu yake. Lipa namba ikae kaunta. "Karibuni Wote" iache. Kivuli kimeshakaribisha.

Na picha za vyakula nakuomba uziache kabisa, kwa sababu ya jua. Wino wa kuprinti haupauki sawasawa. Nyekundu na njano ndizo zinazokimbia kwanza, buluu na nyeusi zinabaki. Chapati, supu, maandazi, pilau, vyote vimejengwa kwa nyekundu na njano. Nimeona turubai la mgahawa mmoja baada ya jua la mwaka mmoja na miezi: sahani ya kuku wa kukaanga imegeuka rangi ya jivu lenye buluu, tambi zimekuwa za kijani, na mtu aliyetabasamu na kikombe anafanana na mgonjwa. Mwenye mgahawa alikuwa haoni, kwa sababu rangi ziliondoka polepole mbele ya macho yake. Mpita njia wa mara ya kwanza anaona siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nunua turubai la PVC, yaani la plastiki nzito, lililotoka kiwandani na rangi yake, kisha herufi zikatwe kwenye PVC ya rangi nyingine na kuunganishwa kwa moto, au ziandikwe kwa rangi maalumu ya PVC. Rangi ya mafuta ya kawaida, ya milango na madirisha, haifai kwenye kitambaa kinachopepea. Inakauka ngumu halafu inapasuka na kubanduka vipande. Inafaa kwenye bati na ubao. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi hizo za kung'aa za kupaka baiskeli, juu ya vibao vilivyotulia. Ukipata mchoraji mzuri wa mkono hapo Tanga, mpe ukuta wako wa mbele achore kikombe na birika kubwa. Turubai mpe mtu wa maturubai.

Rangi gani? Simama mtaani kwako uangalie majirani. Nina uhakika utaona nyekundu nyingi, na buluu, na zile za kampuni za simu. Chagua isiyokuwepo. Lakini kabla hujaamua, kumbuka kwamba mwanga wa jua unapenya turubai na kupaka kila kilicho chini yake. Niliwahi kumfungia mwenye duka la vitambaa turubai la buluu, zuri, lenye jina lililokaa vizuri. Siku ya pili nikapita nikakuta kila mteja anachukua kitenge, anatoka nacho hadi katikati ya barabara kukiangalia kwenye jua, ndipo anarudi. Chini ya lile turubai nyeupe ilikuwa buluu, njano ilikuwa kijani, hakuna aliyeamini macho yake. Wengine walipotoka hawakurudi. Kosa lilikuwa langu, sikumuuliza anauza nini chini ya kivuli hicho. Nililibadilisha.

Kwa chakula, kijani na buluu ni adui: supu inaonekana imelala, nyuso za wateja zinapauka. Nyekundu ya kupenya mwanga inaficha nyama iliyolala, watu wa bucha wanaijua siri hiyo na wateja wao pia wameshaijua. Kwako ningechukua rangi ya krimu au mchanga kwa mistari mipana ya kahawia iliyoiva, pindo liwe kahawia tupu na herufi za krimu. Au turubai zito lisilopenya mwanga, ambalo kwa ndani ni jeupe au kijivu. Hapo nje unaweza kuweka rangi yoyote. Jeupe tupu kwa nje usiweke, vumbi la barabarani litalimaliza wiki ya tatu.

Usikubali fleksi. Fleksi ni ya tangazo la tamasha au la msimu, ni nyepesi, gramu 340 hadi 510 kwa mita ya mraba, na kwa nilivyoona pwani inaanza kuchanika kwenye mikunjo ndani ya mwaka mmoja au miwili. Turubai la kazi hii liwe la gramu 600 au zaidi, lenye nyuzi za polista ndani. Mwambie fundi akupe kipande kidogo, kishike mkononi, jaribu kukichana kutoka ukingoni. Kikikubali kuchanika, kirudishe.

Sasa upepo. Mji wako unaitwa Tanga, na kila mvuvi hapo bandarini atakwambia tanga lina nguvu gani. Ukifunga turubai umepandisha tanga kwenye ukuta wa nyumba. La kwako lina karibu mita za mraba 6. Upepo wa kilomita 72 kwa saa, wa zile dhoruba fupi zinazotangulia mvua, ukilipata sawasawa kutoka chini unalisukuma kwa nguvu ya kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Jumla kilo 150, kama uzito wa watu wawili wazima, zinalinyanyua kwenda juu. Na mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Kwa hiyo kinachohitajika si fremu nzito tu ya kubeba turubai. Inahitajika fremu iliyoshikwa isiondoke. Bolti zishike kwenye ule mkanda wa zege wa mita 3, zisishike tofali wala lipu. Tofali za mtaani nyingi ni laini, ukiikaza bolti inayotanuka ndani yake inalisaga tofali, unadhani umekaza kumbe imeshika unga. Simama chini fundi anapotoboa: vumbi la kijivu linalotoka kwa shida ni zege, mchanga unaomwagika ni tofali. Fremu iwe ya bomba la mraba la milimita 40, lililopakwa zinki, na kila palipochomelewa paguswe kwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo kabla chumvi ya bahari haijapawahi. Kutu ikianza kwenye maungo hutaiona, imefichwa na kitambaa.

Mwambie pia turubai alifunge kwa kamba kupitia macho ya chuma ukingoni, asilipigilie moja kwa moja. Kamba ina faida mbili: unalivuta upya likilegea, na unaweza kulishusha lote ukasafisha. Turubai lililolegea ni hatari. Bonde la mita 2 kwa mita 1 lenye kina cha wastani cha sentimita 5 tu linashika lita 100 za maji, kilo 100, na maji yakikaa yanalivuta zaidi, bonde linaongezeka. Nimeitwa asubuhi baada ya mvua ya usiku nikakuta fremu imepinda kama upinde, turubai zima, halina hata tobo. Weka nondo au bomba za kati kila sentimita 80, na kila baada ya miezi mitatu kaza kamba.

Moto nausema kwa ufupi lakini nausema kwa msisitizo: jiko la chapati lisikae chini ya turubai. Najua chapati zikipikwa mbele zinavuta watu, harufu yake ni tangazo kuliko rangi yoyote. Lisogeze pembeni, nje ya kivuli, au ndani kwenye ukuta wenye bomba la moshi. PVC ikishika moto inatoa moshi wenye sumu, na mafuta ya kikaango yakilipuka mwali unafika mita 2 kwa urahisi.

Kabla ya yote hayo kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni ya mwenye nyumba: akubali kwa maandishi utoboe ukuta wake, na iandikwe kwamba ukihama fremu ni yako. Ya pili ni ya Halmashauri ya Jiji. Turubai likishaandikwa jina linaweza kuhesabiwa tangazo, nenda uulize kibali na ada kabla ya kufunga, nenda na mchoro wenye vipimo. Waulize pia mwisho wa eneo la barabara uko wapi mbele yako. Wenzako walio kwenye barabara kuu wana mtihani mkubwa zaidi, kwa kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na fremu iliyosimama humo inaweza kuondolewa. Hiyo ndiyo sababu nyingine ninayopenda turubai lililoshikwa ukutani bila nguzo: halikanyagi ardhi. Na ncha yake isivuke mtaro, lori la mchanga likikwepa bajaji litaondoka nalo.

Umeuliza kama litarudisha pesa. Tuseme limekugharimu shilingi 600,000, na faida yako kwa mtu mmoja aliyekunywa chai na chapati mbili ni shilingi 500. Unahitaji watu 1,200. Wakiongezeka wanne tu kwa siku, ni siku 300. Wakiongezeka kumi, ni siku 120, miezi minne. Sasa usikisie. Wiki mbili kabla ya kufunga, weka kopo na mbegu za ukwaju: kila mteja mgeni usiyemjua sura, mbegu moja. Jioni hesabu, andika. Ukishafunga, rudia wiki mbili. Hesabu na viti vya jioni peke yake, kwa sababu naamini hapo ndipo utakapoona tofauti, kuanzia saa tisa, muda ambao sasa hivi watu wanakukimbia.

Kampuni ya soda au ya simu ikija kukupa turubai la bure, na watakuja ukishaonekana unauza, tazama jina lako limewekwa wapi. Mara nyingi linabanwa kwenye kona, herufi za sentimita 6, na mita zote zilizobaki ni zao. Mtaa mzima unafanana, mteja anakwambia "nilipita sikukuona." Pokea friji yao. Pindo libaki na jina lako.

Jambo la kufanya wiki hii, kabla hujamlipa mtu: kata herufi za jina lako fupi kwenye karatasi za manila, kimo sentimita 20, zibandike kwenye kanga kuukuu, uifunge mbele ya mlango kwenye kimo cha mita 2.2 hadi 2.5. Vuka barabara, piga picha kwa simu. Kisha tembea hadi kona ya kwanza upande wa sokoni, piga nyingine. Ipunguze picha kwenye kioo cha simu hadi iwe ndogo kama kidole gumba. Kama bado unasoma, vipimo vyako vimekaa. Kama husomi, punguza maneno, usipunguze herufi. Nitumie picha hizo mbili pamoja na ya tatu ya saa kumi na nusu jioni inayoonyesha jua limefika meza ya ngapi, nikuchoree fremu yenye vipimo vya kumpa fundi wa hapo hapo Tanga.